Farasi Aliyeumia: Masaji, Maji Baridi au Matembezi?

Kwenye mabanda ya Karen na Langata, na yale yanayozunguka uwanja wa mbio wa Ngong, farasi akianza kuchechemea swali huwa lile lile: tumwite mtu wa masaji? Mwenye farasi anauliza, saisi anayemtunza anauliza, na mara nyingi simu inapigwa kabla mguu haujapapaswa. Mimi naipenda masaji ya farasi. Nimeona mgongo uliokakamaa kwa wiki nzima ukilegea chini ya mikono ya mtu anayeijua kazi yake. Ila yapo majeraha ambayo mikono hiyo haiyafikii, na fedha inayolipwa hapo ndiyo ambayo ingelipia kipimo, fundi wa kwato au nyasi nzuri.

Kwa hiyo nimeziweka pamoja njia ambazo mwenye farasi hapa Nairobi anaweza kuzipata, ili uone ipi inafaa jeraha lipi na kwa wakati gani. Msimamo wangu nautoa mapema: chini ya goti, tegemea maji baridi na matembezi, juu ya goti, masaji ina kazi kubwa, na kote kuwili, daktari wa mifugo anatangulia.

Goti ndilo mpaka

Papasa mguu wa mbele wa farasi kuanzia begani ukishuka. Utahisi nyama mpaka karibu na goti, kisha nyama inaisha. Chini ya hapo kuna mifupa, kano (kamba zinazoshikanisha msuli na mfupa), ligamenti (zinazoshikanisha mfupa na mfupa), mishipa na ngozi. Mguu wa nyuma nao ni hivyo hivyo, chini ya kile kiungo kikubwa cha katikati. Masaji ni kazi ya misuli. Mtu akikuambia atachua kano iliyovimba nyuma ya mfupa wa mguu mpaka ipone, muulize anachua nini hasa, kwa sababu hapo hakuna msuli wa kulegeza.

Na kano hizo ndizo zinazoumia sana kwa farasi wa mbio. Farasi ana kilo 450 hadi 550, na karibu asilimia 60 ya uzito huo inabebwa na miguu ya mbele. Akiwa kwenye shoti, yaani mbio za kasi kabisa, kuna nukta ambayo mguu mmoja peke yake unaubeba mwili mzima. Nyuzi za kano ya nyuma, ile iliyo karibu na ngozi, hukatika kidogo kidogo, na siku moja unakuta joto na uvimbe mdogo wa mviringo nyuma ya mguu. Kuna anayeupuuza kwa sababu farasi hachechemei sana. Uvimbe huo usipuuzwe hata siku moja.

Hapa ndipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinapozidi kila kitu kingine kwa thamani. Kinaonyesha shimo ndani ya kano, ukubwa wake, na baadaye kinaonyesha kama limejaa. Vidole, hata vya mtu aliyezoea, haviwezi kulipima. Kama fedha inatosha jambo moja tu, itumie kwa kipimo. Daktari akikosa mashine, mwombe akuelekeze kwa mwenzake, au kwa kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Tena usimpe farasi biuti, ile dawa ya maumivu ambayo haikosi kwenye sanduku la banda, asubuhi ya siku anayokuja daktari. Itaficha kuchechemea, na daktari atamkagua farasi ambaye siye uliyemwona jana.

Siku tatu za kwanza ni za maji

Katika saa 48 hadi 72 za mwanzo, baridi inashinda masaji bila ubishi. Jeraha bichi lina damu na majimaji yanayovuja ndani. Ukilichua, unaongeza mvujo. Ukilipoza, mishipa inabana na maumivu yanapungua. Mpira wa maji, dakika 15 hadi 20 kila mara, mara kadhaa kwa siku, ndiyo kazi ya saisi wakati huo.

Kwa Nairobi kuna tatizo la wazi: maji ya mfereji hayaji kila siku, na tangi lililokaa juani mchana kutwa halitoi maji ya baridi. Barafu ya mifuko kutoka dukani, ikitiwa ndani ya ndoo yenye maji na mguu ukasimamishwa humo, hupoza vizuri kuliko mpira unaotiririsha maji vuguvugu. Farasi wengi huzoea ndoo wakianzishwa taratibu na maji kidogo. Anayegoma, mfungie barafu iliyosagwa ndani ya kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja, na uitoe baada ya hizo dakika 20.

Katika siku hizo hizo, mtu wa masaji asiguse jeraha. Akija, na afanye kazi shingoni na mgongoni tu, tena kwa ruhusa ya daktari. Kama hujui bado ni mfupa, ni kano au ni usaha ndani ya kwato, asije kabisa. Usaha kwenye kwato unaweza kumfanya farasi ashindwe kukanyaga kana kwamba amevunjika, na dawa yake ni kisu cha daktari au cha fundi wa kwato.

Matembezi: njia ya polepole inayojenga

Kano iliyochanika inaziba kwa nyuzi dhaifu zilizolala ovyo. Kinachozipanga zifuate urefu wa kano ni mzigo mdogo unaoongezwa taratibu, yaani kutembezwa kwa mkono. Hakuna masaji, mafuta wala mashine inayoifanya kazi hiyo badala ya matembezi. Kwa kawaida daktari huanza na dakika tano au kumi, kisha huongeza kidogo kidogo kila wiki akifuatilia kwa kipimo. Kwa jeraha la kano la kweli, troti, ule mwendo kati ya kutembea na kukimbia, haiji kabla ya miezi mitatu hivi, na kurudi kwenye mbio huchukua miezi tisa hadi 12. Anayeharakisha hurudi pale pale, kwa sababu kano iliyopona haiwi tena kama ile ya mwanzo.

Matembezi yana faida nyingine ambayo watu huipa masaji. Farasi akisimama bandani siku nyingi, miguu hujaa maji. Mtu anaona uvimbe, anaanza kuisugua kwenda juu. Kuisugua polepole kuelekea moyoni hakudhuru, kama uvimbe ni baridi na daktari ameruhusu, lakini matokeo yake ni ya muda. Kwa kuwa chini ya goti hakuna misuli ya kusukuma damu, kazi hiyo hufanywa na kwato: kila anapokanyaga, sehemu laini za ndani hubanwa na damu husukumwa kurudi juu. Dakika kumi za kutembea zinapunguza uvimbe wa namna hiyo kuliko nusu saa ya kusugua.

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, chagua pa kutembezea. Udongo mweusi wa pamba unashika kwato na kuvuta kano. Barabara ya maramu iliyoshindiliwa, tambarare, ni bora kuliko paddoki, ule uwanja wa malisho uliozungushiwa uzio, yenye tope. Na kwa kuwa visubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, huuma zaidi magharibi na alfajiri, mtoe jua likishachomoza, umrudishe bandani kabla halijazama.

Ubaya wa njia hii ni mmoja, na ni mkubwa: farasi aliyefungiwa wiki nyingi ana nguvu zinazomtoka kwa kurukaruka. Rukaruka moja inaweza kuifuta kazi ya mwezi. Punguza nafaka mara tu anapoacha kazi, mvishe lijamu yenye chuma cha mdomoni badala ya halta pekee, ile ya kichwani isiyo na chuma, saisi avae glavu na kofia ngumu. Na hapa masaji inaingia kwa mlango ambao wengi hawaufikirii.

Masaji pale inapostahili

Farasi hupambana na upweke wa banda kama anavyopambana na maumivu. Wenyewe kwa wenyewe hukunana kwa meno, hasa hapo shingo inapokutana na mgongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993, uliofanywa kwa farasi wa Camargue, Ufaransa, uligundua kwamba kukunwa mahali hapo kulipunguza mapigo ya moyo. Saisi anaweza kulifanya hilo kwa mkono wake: dakika kumi za kupapasa na kukanda sehemu ile kabla ya kumtoa nje humtuliza farasi aliyefungiwa. Hiyo pekee inatosha kuipa masaji nafasi hata kwa farasi mwenye jeraha la kano.

Lakini nafasi yake kubwa ni kwenye sehemu zinazobeba adhabu ya mguu mbovu. Farasi hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Mguu wa mbele umeshikwa na kifua kwa misuli na tishu za kuunganisha tu, bila kiungo cha mfupa kwa mfupa. Anapokwepa kukanyaga mguu wa kushoto, bega la kulia, shingo na misuli mirefu ya mgongo hufanya kazi isiyo yao kwa wiki nyingi. Jeraha linapona, mguu uko sawa kwenye kipimo, lakini farasi bado anatembea kwa hatua fupi na anakunja mgongo akiwekewa tandiko. Hapo maji hayasaidii kitu. Hapo ndipo masaji inapozishinda njia zote nilizotaja.

Mtu anayejua kazi huanza kwa kiganja kilicho wazi, shingoni, bila haraka, akitafuta joto, ugumu na mahali ngozi inapotetemeka. Anatumia uzito wa mwili wake, si nguvu za vidole. Anasubiri. Msuli ukilegea, farasi hukuambia: kichwa kinashuka, mdomo unatafunatafuna, anapiga miayo, jicho linalainika. Akilaza masikio nyuma, akipiga mkia au akiinua mguu wa nyuma, shinikizo limezidi au mahali pana maumivu ambayo daktari anapaswa kuyajua. Mtu wa masaji anayemfokea farasi kwa dalili hizo, mshukuru na umsindikize mpaka langoni.

Kwa msuli uliovutika, paja la nyuma kwa mfano, masaji huanza zile siku za uvimbe zikiisha. Kumkanda kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, dakika kumi hivi, huufanya msuli upokee mkono vizuri. Baada ya kumchua, mtembeze kidogo badala ya kumrudisha moja kwa moja bandani asimame.

Sifa nyingine za masaji nazipokea kwa tahadhari. Taaluma hii ilipata nguvu Marekani katika miaka ya 1970, na jina linalotajwa sana ni la Jack Meagher, aliyetoka kwenye kuwachua wanariadha. Yeye alishughulika na misuli. Madai ya kutoa sumu mwilini, kunyoosha mifupa iliyohama au kuponya kano yameongezwa njiani, na sioni sababu ya kuyalipia.

Mtaalamu au saisi wako?

Huu ndio uchaguzi ambao hutatiza zaidi, maana mtaalamu hulipwa kwa kila ziara na saisi yuko hapo kila siku.

Mtaalamu ana mkono uliofunzwa na jicho geni. Ataona bega moja limepungua nyama ambalo ninyi mmelizoea. Ziara yake ya dakika 45 hadi saa nzima, mara moja kwa wiki kwa wiki chache, inatosha kufungua mgongo uliofungika. Baada ya ziara tatu pasipo mabadiliko yoyote, acha kulipa na umrudie daktari, kwa sababu huenda chanzo ni tandiko lisilokaa vizuri, meno au kwato.

Saisi ana kitu ambacho hakinunuliki kwa ziara: anamjua huyo farasi. Anajua anavyosimama akishiba, upande anaolalia, mahali asipopenda kuguswa. Saisi atakuja asubuhi aseme, "Mama, jana hapa kiunoni alikuwa ananikubali, leo anaruka," na taarifa hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa ripoti. Ubaya ni kwamba saisi wengi hawajawahi kufundishwa kuchua, na wanaachiwa farasi wengi kwa mtu mmoja.

Ningechagua yote mawili, kwa mpangilio huu: mlipe mtaalamu ziara chache, na umwombe saisi awepo tangu mwanzo hadi mwisho, aonyeshwe mikono inavyowekwa. Kisha mpe saisi dakika 15 za kila siku za kazi hiyo pekee, umpunguzie nyingine, na kama ujira wake unaweza kupanda kwa ujuzi huo mpya, upandishe. Dakika 15 kila siku kwa miezi miwili zitamfaa farasi kuliko ziara moja ya kifahari kila mwezi. Mtaalamu anayekataa saisi asitazame, simwelewi anaficha nini.

Kisheria, wote wawili wana mpaka. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ndiyo inayowasajili. Kutambua ugonjwa, kudunga sindano na kuandika dawa ni kazi ya waliosajiliwa. Mtu wa masaji akifungua mkoba akatoa sindano, mzuie.

Karoti, na mashine

Karoti za sokoni zinastahili heshima. Unasimama kando ya farasi, unamfanya afuate karoti kwa pua mpaka kifuani, katikati ya miguu ya mbele, kisha ubavuni kila upande, anabaki hapo sekunde chache. Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuata farasi wanane waliofanyiwa mazoezi ya aina hii, mara tano kila zoezi, siku tano kwa wiki, kwa miezi mitatu, na misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo ilinenepa. Farasi wanane ni wachache, lakini gharama ni karoti na subira, na masaji haijengi msuli. Masaji inalegeza, karoti inajenga. Muulize daktari kwanza kama jeraha liko shingoni au kama hajaruhusiwa kuhamisha uzito.

Mashine za leza, blanketi za mtetemo na vifaa vya mawimbi ya sauti vya kutibu nazipa nafasi ya mwisho. Zipo zinazosaidia mikononi mwa daktari, na matokeo ya tafiti yanatofautiana. Usichanganye kifaa cha mawimbi cha kutibu na kile cha kupimia: kimoja kinapasha moto, kingine kinapiga picha. Leza inaweza kuharibu jicho, la farasi na la saisi. Ukiwa na fedha ya mashine na bado hujapata kipimo cha pili cha kano, jibu unalo.

Kwa farasi wako

Farasi wa mbio mwenye kano yenye joto: barafu, kipimo, matembezi, na kukunwa shingoni ili atulie. Farasi wa kuruka aliyepona mguu lakini mgongo ni mgumu: kagua tandiko, kisha masaji ya mtaalamu, saisi aendeleze, na karoti. Farasi mzee, au yule anayebeba watoto Jumapili na amechoka zaidi ya kuumia: mikono ya saisi kila siku, na apunguziwe zamu. Farasi wa polisi anayekanyaga lami ya jiji kwa saa nyingi, ningeanza na fundi wa kwato kabla ya kufikiria kitu kingine.

Kuna hali ambazo masaji husimama kabisa: homa, kidonda wazi, ukungu wa ngozi, uvimbe usiojulikana, au shaka ya kuvunjika. Pima kabla ya kila kikao. Farasi mzima akiwa ametulia ana joto la nyuzi 37.2 hadi 38.3, mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16.

Na ipo moja ambayo imewaponyoka watu wazuri. Farasi anatoka kazini, misuli ya kiuno na mapaja inakuwa migumu kama ubao, anatoka jasho, hataki kusogea. Mtu anadhani amekaza misuli tu, anaanza kumchua au kumvuta atembee. Hiyo inaweza kuwa misuli inayobomoka yenyewe, na dalili yake kubwa ni mkojo wa rangi ya kahawa. Hapo usimchue, usimsogeze hata hatua moja. Mpe maji karibu, mfunike kama kuna baridi, na mpigie daktari papo hapo, saa yoyote ile.